Mashine Imeshaona, Nani Atapakua?

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lina ramani ya njaa inayosaidiwa na akili mnemba: kompyuta hukadiria ni wapi watu wanalala njaa, hata kule ambako hakuna aliyekwenda kuwauliza. Kazi nzuri, wala sibezi. Ila jamani, lini tulikosa kujua? Kabla ya Umoja wa Mataifa kutangaza baa la njaa Somalia, Julai 2011, wataalamu walishaonya kwa miezi. Onyo liliwahi, chakula kikachelewa. Walikufa watu wapatao 260,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano.

Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada, na FEWS NET, mtandao wake wa kutahadharisha njaa tangu 1985, nao ukazimwa kwa miezi kadhaa. Kweli, kioo kikivunjwa, uso hauna kovu.

Sasa tunaahidiwa mashine kali zaidi, zitakazobashiri mapema zaidi. Hongera zao. Mwaka huohuo wa 2025 mgao wa chakula wa wakimbizi kule kambini Kakuma, Kenya, ulikatwa kwa ukata wa fedha, na hilo halikuhitaji kompyuta: wafadhili walijitangaza wenyewe.