Nyenje wa Chumba Chembamba

Nyumba za kale za Lamu zilijengwa kwa kufuata boriti. Mti wa mkoko haurefuki upendavyo, na boriti zake ndizo zinazobeba dari, kwa hiyo upana wa chumba kwa kawaida hauzidi meta 3. Urefu ukaachiwa mfuko wa mwenye nyumba. Chumba nilichopanga kilikuwa cha namna hiyo: kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, sakafu ngumu, na samani zangu zote, yaani mkeka na begi. Siku ya kuhamia nilipiga chafya, nikajibiwa na ukoo mzima.

Kisha akaingia nyenje. Dume, bila shaka, maana jike halii. Dume ndiye husugua mbawa akitafuta mchumba. Mlio wake una mitetemo kati ya 4000 na 5000 kwa sekunde, na mawimbi yake, ya sentimeta 7 au 8 hivi, ni mafupi kuliko upana wa kichwa cha mtu, kwa hiyo masikio hayakubaliani yanatoka wapi. Zidisha kuta mbili tupu zinazotazamana: sauti hurushwa huku na huko zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Nikamsaka kwa tochi na kandambili. Nikienda mlangoni, analia dirishani. Nikifika dirishani, yuko darini. Nikiinua kandambili, kimya! Nyenje ana masikio kwenye miguu ya mbele, na hayo yalijua vizuri sana mimi nilipo.

Nikamshitakia bibi mwenye nyumba.

"Chumba kitupu hakina siri, mwanangu," akasema. "Tia zulia, tundika mapazia."

Nikatia. Nikaongeza na kochi la mtumba. Mwangwi ukafa, na usiku ule nyenje akajulikana yuko nyuma ya mlango. Lakini kochi lilikuja na kunguni, wapangaji wenye adabu wasio na sauti katika chumba cha umbo lolote. Chini ya zulia wakahamia mende. Ndiyo hesabu yenyewe: vitundu na nyuzi zinazomeza sauti ndimo mdudu anamolala. Wazee walikuwa na zidaka, vishubaka vya ukutani vinavyotawanya sauti bila kitambaa chochote. Vyangu vilikuwa vimeshakaliwa na mjusi kafiri, naye hakuonyesha dalili ya kuhama.

Kochi likatoka, zulia likaenda juani, mwangwi ukarudi. Bibi akaniazima paka. Nyenje hakumaliza hata magharibi. Usiku wa manane paka akataka kutoka, akalalamika mbele ya mlango kwa sauti yake yote, na chumba kikamsaidia.

Jirani akabisha hodi. "Mwenzangu, unafuga paka wangapi humo ndani?"

"Mmoja."

Akanitazama kwa huruma. "Haidhuru. Nipunguzie wawili, kwangu kuna panya."