Tangi Juu, Jirani Chini

Mkaguzi wa kwanza wa mabomba ya tangi kubwa la samaki ni jirani wa ghorofa ya chini. Huja usiku wa manane, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, na hugonga mlango kwa kiganja. Adabu hutaka salamu itangulie, kwa hiyo mwenye tangi hutoa shikamoo, naye huitikia marahaba huku dari yake ikiendelea kuvuja. Ndipo huuliza, "Baba Rehema, maji yote haya ni ya nini?" Ya samaki, mama. "Samaki gani hao?" Bado hawajanunuliwa.

Tangi la sentimita 180 kwa 60 kwa 60 huchukua lita 648 likijaa pomoni, zaidi ya nusu tani ya maji. Kioo cha kawaida hutobolewa kwa keekee ya almasi, polepole, huku kikimwagiwa maji kisipate moto. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi kabisa: kikiguswa na keekee husambaratika chote kwa mpigo mmoja. Muuzaji akiulizwa kitako ni cha aina gani, hujibu, "Ni hichohicho." Kwenye tundu hufungwa konekta ileile ya simtanki, washa ya mpira ikikaa ndani, upande wa maji.

Maji hushuka kwa bomba la kumwagikia hadi kwenye tangi dogo la chini, huchujwa, kisha pampu huyarudisha juu. Umeme ukiwapo, mzunguko huu ni raha kuutazama. Ukikatika, pampu husimama lakini bomba lake bado limejaa maji, na mdomo wake umezama katika tangi la juu. Utingo yeyote aliyewahi kunyonya dizeli kwa mpira anajua kinachofuata. Uzito wa maji yaliyo katika mkono mrefu wa bomba huyavuta ya juu, nayo hushuka bila kusukumwa na yeyote mpaka mdomo ule uvute hewa. Hesabu yake ni ya darasa la sita. Katika tangi hili kila sentimita moja ya kina ni lita 10.8; mdomo ukiwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, zitateremka lita 108. Tangi la chini la sentimita 120 kwa 40 kwa 40, likiwa limejazwa robo tatu, lina nafasi ya lita 48 tu. Lita 60 zilizobaki, ndoo tatu kamili, huenda kwa jirani.

Dawa yake ni tundu dogo, linalotobolewa kwenye bomba la kurudishia maji, chini kidogo ya uso wa maji. Maji yakishuka kidogo tu, tundu huingiza hewa na mvuto hukatika. Fundi hupendelea kuuza vali ya kuzuia maji kurudi, ambayo ni ghali zaidi na hushindwa kufunga kwa chembe moja ya mchanga. Tundu nalo huzibwa na mwani wa kijani au konokono, kwa hiyo hukaguliwa mara kwa mara.

Kujaza ni shughuli nyingine. Siku ya zamu ya mtaa kupata maji, bomba hukohoa kwanza: hewa iliyojaa humo wakati wa mgao hutoka kwa kasi, mita huzunguka, na bili huandika hewa hiyo kwa bei ya maji. Mlalamikaji hutakiwa kuandika barua. Barua hupokewa, hugongwa muhuri, na mwezi unaofuata bili huja vilevile. Kaya isiyo na samaki hata mmoja hulipa hewa hiyohiyo, na hilo halichekeshi. Wengine huita boza la maji, ambalo mpira wake hauifikii ghorofa ya tatu, na ngazi hupandwa kwa ndoo.

Maji yakishapatikana, klorini yake hupungua yakikaa wazi na kupulizwa hewa. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki kadhaa kuzaliana, ingawa dukani husemwa samaki waingie kesho. Huanza samaki wachache wavumilivu; wale wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, husubiri. Kila wiki lita 100 hivi humwagwa, na nyingine 100 hutafutwa.