Faini ya Kuchelewa Mtoni

Kila ikifika Juni, naanza kutafutia watu kazi isiyo na mshahara. Mimi ni Mkamba wa Makueni niliyehamia Changamwe, na kwa kuwa Kiingereza changu kinatosha kubishana na dereva wa teksi kwa niaba ya mtu mwingine, marafiki wa marafiki hunitupia wasafiri wao. Hao huja Mombasa kwa ajili ya bahari. Siku za kwanza wanaogelea, wanakula viazi karai, wanapigwa picha Fort Jesus. Wakishaungua mabega, dhamira inaamka, wanataka kujitolea. Hapo ndipo simu yangu inapolia.

Pwani yenyewe haikosi kazi za namna hiyo. Watamu wapo Local Ocean Conservation, ambao huitwa na wavuvi kasa anaponasa wavuni, wakamkagua na kumrudisha majini. Ni kazi njema, ila inafuata ratiba ya kasa, na kasa hajali kwamba ndege yako inaondoka Jumapili. Wengine huniomba niwapeleke kwenye makao ya mayatima wakacheze na watoto kwa siku mbili. Hao nawakatalia papo hapo. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na tangu 2022 upo mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto hao katika familia. Mtoto anayeagwa na mgeni mpya kila Ijumaa hahitaji mgeni mwingine wa kumuaga.

Kwa hiyo nawapeleka kwetu, mbali na mawimbi, ambako kazi ipo tele na hakuna anayekuuliza umesomea nini.

Kituo cha kwanza ni Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, kwenye hekalu la Masikh. Lilijengwa mwaka 1926, na chimbuko lake ni Masikh waliokuja kujenga na kuendesha reli. Msafiri yeyote akiingia anakula bure, mradi avue viatu, afunike kichwa, na sigara na pombe azisahau nje. Anayetaka kusaidia jikoni anakaribishwa, wala hajazi fomu. Wageni wangu hupenda mno jambo hilo, mpaka waone ukubwa wa sufuria.

Kundi la mwaka jana lilikuwa na Mholanzi mmoja mrefu, madada wawili wa Uskochi na kijana wa Nairobi aliyekuwa amesikia kwamba kujitolea kunapendeza kwenye barua ya kuombea kazi. Mholanzi akaomba kusukuma chapati. Ya kwanza ilitoka na umbo la Kaunti ya Kitui, pamoja na ile pembe ya kusini inayoingia Tsavo. Mzee aliyesimamia jiko aliigeuza, akaitazama kwa heshima zote, kisha akampa Mholanzi kitambaa na kumwonyesha ziliko sahani chafu. Kijana wa Nairobi hakuhitaji kuelekezwa. Alijitolea kula, na akaifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

Tulikokuwa tunakwenda ni upande wa Nzaui, kwenye kijito ambacho kwa miezi mingi ya mwaka hakina tone la maji. Kinamama wa kijiji walikuwa wakijenga bwawa la mchanga. Kwa asiyelijua, ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu pale mwamba ulipo karibu. Mvua ikinyesha, mto unateremka na mchanga, mchanga unakwama nyuma ya ukuta, na baada ya misimu michache hapo nyuma pamejaa. Ndani ya mchanga huo kunabaki maji, zaidi ya robo ya ujazo wake, ambayo jua haliyanywi, mbu hazaliani humo na ng'ombe hawayachafui. Kiangazi unachimba kidogo tu, maji hayo. Wala kwetu si elimu ngeni. Mzee Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianzisha kikundi chao mwaka 1978, na upande wa Kitui shirika la SASOL pamoja na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa haya tangu miaka ya 1990.

Wanaoifanya kazi ni mwethya, yaani kikundi cha majirani cha kusaidiana, na mwethya una sheria kuliko jeshi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe lilitolewa siku ile ile, kabla ya chai. Katibu wa kikundi, mama mwenye daftari lililofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, aliandika majina ya wageni chini ya yale ya wanachama, akawaeleza: saa moja asubuhi majina yanasomwa, asiyekuwepo analipa faini.

Kesho yake dada mmoja wa Uskochi akafika saa mbili kasorobo. Alikuwa amekesha akisikiliza jogoo wa kwetu, ambao huanza kuwika saa tisa usiku bila sababu ya maana. Alipofika mtoni akawapungia watu mkono. Mama katibu hakumpungia. Alifungua daftari, akalamba kidole, akatafuta jina, akasema, "Mwambie, mwanangu, ni shilingi hamsini."

Nikajaribu kumwombea. "Mama, huyu ni mgeni. Ametoka ng'ambo, amekuja kusaidia bure."

"Na mimi nalipwa na nani?"

Sikuwa na jibu, nikatafsiri. Yule dada akawa mwekundu, akalipa noti ya mia, akaambiwa chenji hakuna, kwa hiyo amekwisha kulipia kuchelewa kwa kesho. Jambo la ajabu ni kwamba alifurahi. Alitaka risiti! Akaandikiwa kwenye ukurasa uliochanwa daftarini, na naambiwa leo imetiwa fremu ukutani kwake Glasgow. Kesho yake alifika saa kumi na mbili na nusu, na mama katibu akamrudishia hamsini yake mbele ya watu wote.

Mkasa wa punda ulitokea siku iyo hiyo. Saruji haichanganyiki bila maji, na maji yalikuwa kisimani, mwendo wa nusu saa. Punda wa kwetu hubeba mitungi minne ya lita 20, miwili kila ubavu, na hakuna anayemwongoza kwa sababu njia anaijua. Mholanzi alipoona kilo 80 juu ya mgongo ule, moyo ukamuuma. Akashusha mitungi ya upande mmoja ili aibebe mwenyewe. Mwenye punda akapiga ukelele, lakini Mholanzi alikuwa ameshafanya wema wake. Matandiko yakazunguka hadi tumboni, mitungi miwili iliyobaki ikaning'inia chini, ikapasuka vifuniko, na punda alipojiona hana mzigo akahitimisha kwamba kazi imekwisha. Akaondoka kwa mwendo wa kiungwana kuelekea nyumbani. Mholanzi alifika mtoni baada ya saa nzima, mikono imenyooka kama ya sanamu, na kwenye mitungi yake miwili mmoja ulikuwa nusu. Fundi alichungulia ndani, akauliza kama hayo ni ya kunawa.

Nisiwaseme wageni wa ng'ambo peke yao. Aliyeishiwa nguvu mapema kuliko wote ni kijana wa Nairobi. Alipewa karai la kokoto, akalipitisha mara chache kwenye mstari wa kinamama, kisha akatangaza kwamba yeye ni bora zaidi upande wa mawasiliano. Akaketi chini ya mgunga akipiga picha. Kufikia adhuhuri mbuzi alikuwa amemlia kofia.

Lakini ninayetaka hasa kumsimulia ni susu, yaani nyanya, wa kijiji kile. Alikuwa bibi wa miaka isiyojulikana, amepiga goti kando ya jiko la mafiga akipika muthokoi na kunde kwa ajili ya wafanyakazi. Jioni ya Ijumaa, mwishoni mwa Oktoba, wageni waliamua kupiga hema katikati ya mto, kwenye mchanga mweupe, laini, usio na mawe wala siafu. Ulikuwa mkavu kabisa. Mbingu juu yetu haikuwa na wingu. Susu aliwaona akiwa mbali, akaja na mwiko mkononi. Hakusema mengi. Akang'oa kigingi cha kwanza, akakitupa ukingoni. Akang'oa cha pili. Wakaniita nikamweleze kwamba hema hilo halipitishi maji. Nikamweleza. Akanitazama kama anayenihurumia, akang'oa cha tatu.

Walihamia juu ukingoni, kwenye mawe na siafu, wakinung'unika kwa adabu. Kwenye saa saba usiku tulisikia mngurumo kama lori linalopanda mlima. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, sisi hatukuipata hata tone. Mto ulikuja mzima mzima, rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo, viatu na mlango wa choo cha mtu. Ulichukua mbao za fomu zote, wilibaro mbili na sehemu ya kazi ya wiki iliyokuwa bado mbichi. Pale ulipokuwa mchanga mweupe pakawa na maji ya kufika kifuani mwa Mholanzi, na mimi kichwani.

Asubuhi wageni walimfuata susu wakiwa na machozi, wanataka kumkumbatia. Alikubali kukumbatiwa, akangoja wamalize, kisha akauliza ni nani aliyeacha sufuria yake kubwa mtoni.

Sufuria ilipatikana chini huko, imejikunja. Wilibaro moja ilipatikana pia. Ya pili ilipatikana Jumatatu, mbali zaidi, kwa jamaa wawili waliokuwa wakipakia mchanga usiku. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga wa mito mwaka 2015, kwa kuwa malori yalikuwa yakiuhamishia kwenye majengo ya Nairobi. Jamaa hao walidai hawachimbi mchanga, wanatafuta mwenye wilibaro.

Kazi ikiisha, mimi huwapitisha wageni Kitui, kwa lami ya Kibwezi kwenda Mutomo, wakapande jiwe la Nzambani. Wenyeji husema ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke na mwanamke mwanamume. Kijana wa Nairobi alianza kulizunguka kwa mbwembwe, akirekodi. Mzunguko wa nne alikuwa kimya. Wa sita akakumbuka kwamba betri ya simu imekwisha.

Nikipiga hesabu, ukuta ule ungejengwa bila wageni wangu, na labda mapema zaidi, kwa sababu kila mgeni alihitaji mtu wa kumwonyesha choo, mtu wa kumfukuzia mbuzi na mtu wa kumrudisha punda. Mawe, mchanga, maji na mikono kijiji kinavyo. Kinachokosekana kila mara ni saruji, vyuma na ujira wa fundi. Lakini kinamama wanasema waje tu, maana kazi ilisonga kwa kicheko.

Basi wewe unayepanga safari ya Mombasa, uwe umetoka Rotterdam au Rongai, shuka njiani kati ya Julai na Septemba, kabla ya vuli. Vaa kofia ambayo hutaililia. Lipia mifuko michache ya saruji kwanza, mikono yako ifuate baadaye. Na saa moja ya mama katibu ni saa moja.