Sifa Njema za "Make Up"

Washairi wamekwisha kuwasifu wafalme na majahazi. Mimi leo nakisifu kitenzi cha Kiingereza, "make up": maneno mawili mafupi, kazi hazihesabiki.

Kwanza, kina nasaba. Samuel Johnson, mtunga kamusi wa London, aliandika mwaka 1755, katika utangulizi wa kamusi yake, kwamba vitenzi vya ukoo huu, vinavyobadilishwa maana na kijineno cha nyuma, ndivyo vinavyowapa wageni taabu kuliko yote. Alijua, na bado akatuachia.

Pili, kina bidii. Tazama nyumba moja tu. Mume karudi usiku wa manane, anabuni kisa cha pancha: "make up". Mke ameshakata shauri arudi kwao: "make up" tena, na "mind" mkiani. Anakaa mbele ya kioo, anajitia poda na wanja ili aondoke kwa heshima: "make up". Mume anapiga magoti, wanapatana: "make up". Kesho yake analeta doti ya khanga kufidia makosa: "make up", safari hii na "for". Ndoa nzima imeendeshwa na kitenzi kimoja! Sisi tungehitaji kubuni, kukata shauri, kujipodoa, kupatana na kufidia, kila neno likitamka wazi linachomaanisha. Ushamba ulioje!

Tatu, kina adabu zake. "Story" inaruhusiwa kukaa mwisho au katikati, ipendavyo. Lakini "it" lazima ibanwe katikati: "make it up". Mwanafunzi akiandika "make up it", kalamu nyekundu inamshukia. Akiuliza sababu, anajibiwa kwamba ndivyo wenyewe wasemavyo. Na ole wake anayetaka kueleza kwamba amepatana na dada yake, halafu akasahau "with". "I made up my sister": hapo ama amempaka dada mtu poda, ama amejitungia dada asiyezaliwa.

Wapo wanaokilaumu eti ni kigeugeu. Hawana shukrani. Kitenzi hiki kinawalisha walimu wa tuisheni, kinauza vitabu vya mazoezi na kuwapunguzia kazi watunga mitihani, maana swali moja linatosha kuangusha darasa zima. Kingekuwa na maana moja, watu wote hawa wangekula nini?