Kiti Hiki Kina Mtu

Kuna watu wanaosafiri kwenda kuona ndugu zao, na kuna wanaosafiri kwenda kuona viti vya ndugu zao. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, ni wa kundi la pili. Anaishi Brussels, kazi yake ni kupamba nyumba za watu, na likizo hii aliileta kwetu Kamina, Kongo, ili, kwa maneno yake, apate mawazo. Nilimhakikishia kwamba mawazo atayapata. Bei ya unga peke yake inatosha kumnyima usingizi. Hakucheka. Watu wa mapambo hawacheki ovyo.

Huko Brussels, mtaa wa Marolles, kuna uwanja unaoitwa Jeu de Balle, na pale kuna soko la vitu vikuukuu tangu 1873. Watu wenye pesa zao, wenye magari na joto la umeme chumbani, huamka alfajiri kwenda kugombea birika lililotoboka. Shemeji alinionyesha kwenye simu pasi ya makaa aliyoinunua hapo. Ameiweka juu ya rafu, ina taa yake ya kuimulika. Wakati ananionyesha, mimi nilikuwa nimeshika ya kwangu, makaa yanawaka ndani, nanyoosha suruali ya kanisani, kwa sababu umeme kwetu huja kusalimia tu na kuondoka. Akaitazama simu, akaitazama pasi yangu, macho yakamtoka.

"Shemeki, hii ni bei gani?"

"Ngoja kwanza suruali inyooke."

Ugomvi wangu na wasakaji wa vitu vya kale uko hapo. Ili kitu kiwe pambo, sharti kwanza kistaafu, na Kamina hakuna kitu kinachostaafu. Kopo la nyanya likiisha nyanya linatiwa utambi, linakuwa koroboi. Pipa la mafuta linakatwa, linakuwa mbabula. Sufuria ikitoboka inazibwa, ikitoboka tena inapandwa vitunguu, na udongo ukishamwagika inarudi kuwa kofia ya mtoto anayecheza askari. Shemeji alikuwa akipita nyumba za watu na simu mkononi, anauliza kama wana kitu cha zamani wasichokitumia. Wasichokitumia! Mama mmoja alifikiri sana, akamwita mume wake.

Hata stesheni alitaka kuipiga picha kama pambo. Ni kweli, reli ndiyo iliyoifanya Kamina kuwa Kamina: kampuni ya BCK ilifungua njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo mwaka 1928, tawi la Kabalo likaungwa 1956, na sisi tukawa njia panda. Lakini wale waliokaa juu ya magunia ya mahindi hawakukaa pale ili picha ipendeze. Walikuwa wanangoja treni. Shemeji alimwomba baba mmoja asogee kidogo kushoto, kwenye mwanga. Akasogea, maskini, akidhani treni imeonekana.

Zawadi aliyotuletea ilikuwa santuri. Si sahani mpya, hapana, ni kuukuu, ya sokoni kulekule: Missa Luba. Wasomaji vijana pengine hawajui kwamba hii ni kazi ya mji wetu. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya hapa Kamina katika miaka ya 1950, akaiita Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 wakarekodi misa iliyoimbwa kwa mitindo ya hapa. Mwaka huohuo waliimba Ulaya, hata kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Brussels. Miaka kumi baadaye Sanctus yao ikasikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo if.... Kwa hiyo sauti za watoto wetu ziliondoka, zikazunguka dunia, zikarudi ndani ya sanduku la shemeji na kibandiko cha bei ya mtumba.

Nikamwambia hatuna mashine ya kuichezea. Akashangaa kwa nini nataka kuicheza. Ni jalada tu alilolitaka, tulitundike juu ya redio, "lizungumze na ukuta". Mzee jirani alipokuja kusalimia, alilisoma lile jalada kwa miwani, akavuta pumzi, akaanza Kyrie papo hapo, sauti bado imo. Shemeji akamwomba asubiri kidogo arekebishe pazia ili amchukue video. Mzee hakusubiri. Kyrie ikaisha, akaomba chai.

Sasa nifike kwenye picha, maana hii nayo ilinitia hasira kwa pande mbili. Miaka ya 1970, wakati mkoa wote huu ukiitwa Shaba, nyumba ya mfanyakazi bila picha ukutani ilikuwa haijakamilika, na picha yenyewe mara nyingi ilikuwa mamba muntu: mwanamke juu, samaki chini, nywele ndefu, anayemtajirisha atakayetunza siri yake. Wachoraji waliichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakatembeza mlango kwa mlango. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alikwenda mbali zaidi, akachora historia nzima ya nchi, picha mia na ushei, akamwuzia na kumwelezea mtafiti Johannes Fabian, na leo picha hizo ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropen. Marehemu mjomba alituachia mamba muntu wetu. Alikaa sebuleni miaka mingi bila kututajirisha na bila kumdhuru mtu.

Halafu akaja mchungaji. Sitamtaja. Alikula bukari yetu na sombe yetu, akainua macho, akasema nyumba hii ina pepo, na pepo ana mkia. Mama watoto akaishusha picha siku hiyohiyo. Sikufurahi, lakini mtu habishani na mke na mchungaji kwa pamoja.

Shemeji alipoulizia picha za zamani, watoto wakamwonyesha banda la kuku. Mamba muntu amefungwa juu kwa waya, uso ndani, kuzuia mvua. Ni gunia la unga lililotembea njia ndefu sana ili liwe gunia tena. Shemeji alipiga magoti mbele ya banda, nusura alie, akasema huko Ulaya watu wanazitafuta kwa tochi. Mama watoto akajibu kwamba kuku hawajaugua tangu iwekwe, na asiiguse mpaka masika yaishe.

Baada ya hapo akataka kiti cha Kiluba, vile vya machifu, vyenye mwanamke aliyechongwa anayebeba kikalio kwa ncha za vidole. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa ukoo. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Viti vile, alimweleza, havikuwa vya makalio; vilikuwa makao ya roho za wafalme. Vilifungwa kwa kitambaa cheupe, vikafichwa, tena kijiji kingine na si kwa mwenyewe, vikiwa na mlinzi wao, vikatolewa kwa nadra. Nikafikiri: wazee wetu waliwajua wasakaji kabla hawajazaliwa. Na bado viliondoka. Vipo kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kimoja cha mchongaji anayeitwa fundi wa Buli kilinunuliwa na makumbusho ya Metropolitan ya New York mwaka 1979. Viti visivyokaliwa vimeshakwenda vyote, ndiyo maana sasa wamefuata vinavyokaliwa.

Maana jioni ileile aligundua changu.

Ni kiti cha mkono, cha mti wa mulombwa, miguu imetanuka kidogo kwa namna ya miaka ya 1950. Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, na mwaka 1960, mkubwa wake Mbelgiji alipofunga virago haraka, kiti kilibaki na mzee akabaki nacho. Mimi nimekikuta, nimekikalia, na mgongo wangu hauelewani na kingine. Shemeji alikipindua miguu juu kutafuta muhuri wa kiwanda. Alikuta jojo iliyokauka na jina la mwanangu lililochorwa kwa msumari. Hata msumari aliusifu! Eti unaonyesha maisha. Mtoto yule nilimchapa kwa ajili ya maisha hayo.

Akataja bei kwa yuro. Nikakaa kwenye kiti. Akaongeza. Nikaegemea. Hapo mama watoto, ambaye miaka yote amekiita kiti hicho "lile gogo", akaanza kuhesabu mabati kwa vidole. Kikao kikafanyika nyumbani kwangu, juu ya kiti changu, na mimi nikiwa juu yake, na nilikuwa mjumbe mmoja tu. Kilichoniokoa ni usafiri: kukifikisha Lubumbashi, kisha kukipandisha ndege, kungegharimu kuliko kiti, mabati na mimi.

Basi akaenda kwa seremala wa sokoni na vipimo. Seremala akakinakili vizuri, mbao mpya, ncha zimepigwa msasa, vanishi inang'aa, akakileta akitabasamu. Shemeji akasononeka. Akamwomba akigonge kwa mnyororo, akikwaruze mikononi, akikaushe juu ya moshi. Fundi akanitazama mimi, mtu mzima mwenzake, kuuliza kama shemeji ni mzima. Wateja wengine wote humgombeza kwa mkwaruzo mmoja. Huyu alikuwa analipia mikwaruzo zaidi. Kiti kikalala jikoni kwa mke wa fundi hadi kikanuka samaki wa Bukama, na shemeji akasema sasa kimepata roho. Akakifungua vipandevipande, akakifunga kwenye vitenge, akaondoka nacho. Naambiwa kiko Ixelles, hukohuko Brussels, kwenye ukumbi wa daktari wa meno, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia.

Yeye aliondoka, habari zake zilibaki. Mji mzima sasa unajua kwamba kwetu wananunua uchakavu. Asubuhi nikifungua lango nakuta foleni: cherehani isiyo na gurudumu, mlango usio na nyumba, kinanda cha padri chenye panya, bibi mmoja na meka yake ya kupimia mahindi aliyoipondaponda usiku ili ionekane ya zamani. Nawaambia mnunuzi ameshapanda ndege. Wananiambia nipokee kwa niaba.

Juzi kijana mmoja alikunjua gazeti, akatoa taa ya reli yenye kioo chekundu. Akasema ilikuwa ya babu yake, mtu wa reli, tangu Wabelgiji. Niliifahamu mara moja, kwa sababu mpini wake nimeufunga mimi mwenyewe kwa waya wa kijani, na ilipotea barazani kwetu msimu wa maembe. Nilikuwa navuta pumzi nimwite mwizi mbele ya foleni nzima, lakini mama watoto alikuwa ameshatoka jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge, anamwuliza bei ya mwisho.