Asifiwe Bwana Baridi

Mvua imeshasifiwa vya kutosha, na mwezi umetungiwa mashairi hadi umechoka. Sasa ni zamu ya Bwana Baridi. Simsemi yule wa Lushoto anayeridhika ukivaa sweta. Namsema wa Januari, London, ambaye mbele yake vidole vyako mwenyewe vinagoma kufunga zipu ya koti.

Wanaomtukana hawajawahi kutazama ndege. Siku za kawaida kibwawa cha mtaani kwetu ni cha mbwa, baiskeli na wakimbiaji. Akishuka yeye, wote wanajifungia ndani na hita zao. Unabaki wewe, darubini, na mzee mmoja ambaye salamu yake ni kuinua kidevu. Amani hiyo serikali ya mtaa haijawahi kutuletea.

Tena ni mpelelezi hodari. Kuna ndege mmoja wa kwenye matete: kifua kijivu, ubavu wa michirizi myeusi na myeupe, mdomo mrefu mwekundu. Mwaka mzima unamsikia akipiga yowe kama nguruwe anayechinjwa, lakini humwoni hata unyoya. Matope yakishaganda hana tena pa kuchokolea chakula, basi anatoka hadharani. Anatembea juu ya barafu, mkia ukichezacheza, mguu mmoja unateleza, anajirekebisha, anaendelea. Upo hatua chache tu naye hana habari nawe. Njaa imemwondolea aibu. Kiangazi kizima hakuungama, Baridi kamtoa kwa asubuhi moja.

Bata nao anawapanga vizuri, wote ndani ya kipande cha maji kilichobaki, hesabu inakuwa rahisi. Wao wamejaliwa: mishipa ya miguuni imelala sambamba, damu ya moto ishukayo inaipasha ile ipandayo, joto halipotei. Viatu vyangu, pamoja na bei yake, havijafikia elimu hiyo.

Mdiria ndiye mwenye kinyongo. Samaki anamwona chini ya kioo, na kioo hakifunguki.

Na ujirani je? Yupo ndege mdogo wa kahawia, mkia wima, uzito wake gramu 10 hivi, mgomvi wa mipaka kupindukia. Mwaka 1969, huko Norfolk, 61 kati yao walihesabiwa katika kisanduku kimoja cha kiota, wamelala wamebanana. Suluhu gani ingewaleta pamoja zaidi ya hiyo? Kweli, majira ya baridi ya 1962–63, makali kuliko yote England tangu 1740, yaliwafagia. Hukadiriwa karibu wanane katika kila kumi walikufa. Wenye roho nyepesi watayaita maangamizi. Kufa kufaana, na kunguru hawakuandika malalamiko.

Wasio na shukrani ni mbayuwayu. Vuli ikianza tu, hata kumwona mwenyeji hawasubiri: wanavuka Sahara, hao, hadi Afrika Kusini kula wadudu juani. Mimi niliyepishana nao, nikija huku kwa nauli yangu mwenyewe, sina la kuwaambia.