Shikamoo, Kuruta: Barua kwa Afande wa Umri

Kwa Afande unayehusika na ule mstari wa umri kwenye masharti ya kujiunga,

Jambo Afande.

Nakuandikia nikiwa nimesimama mguu sawa, ingawa goti la kushoto limeshaomba ruhusa. Nina miaka 45, watoto watatu na kadi ya kliniki ya presha, na naomba kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2000. Mafunzo ya mujibu wa sheria, yale ya lazima kwa wahitimu kama mimi, yalikuwa yamesitishwa tangu 1994. Yaliporejeshwa mwaka 2013, nilikuwa na miaka 32. Nilipokuwa na umri, mwito haukuwepo. Mwito uliporudi, umri ulikuwa umekwenda zake. Nimepiga hesabu hii mbele na nyuma, na sijaona hata Jumanne moja ambayo tungeweza kukutana.

Ningekaa kimya kama ningeachwa nizeeke kwa amani. Lakini kazini kwetu kuna mkubwa mmoja aliyepita jeshini enzi zile. Mashine ya kutolea nakala ikikwama, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anasema: "Tatizo lenu hamkupita jeshini." Mtu akichelewa, hamkupita jeshini. Chai ikipoa, jeshini. Msibani nimeambiwa, kwenye kikao cha harusi nimeambiwa, na juzi mjumbe wa mtaa kaniambia kwa sababu ya takataka ambazo hata si zangu. Kila kilichooza katika nchi hii, kuanzia rushwa hadi vijana kutosalimia, kinaelekezwa kwa sisi tuliomaliza shule kati ya 1994 na 2012, kana kwamba tuliruka ukuta usiku.

Hatukuruka ukuta, Afande. Hatukujificha uvunguni. Lango mlilifunga ninyi, mkaondoka na funguo, na sasa mnapita mkitunyooshea kidole kwa kuwa tuko nje. Mlitaka tujifunze kwata na nani, na mbuzi?

Samahani. Nimepandisha sauti mbele ya mkubwa. Narudi mguu sawa.

Najua historia. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda JKT. Mwalimu Nyerere akawatimua kwa mamia warudi makwao, na siku hiyo hiyo akajikata mshahara kwa asilimia 20. Mimi niko tayari kuandamana kinyumenyume, kutoka kwangu hadi getini kwako, na bango la kuomba kuingia. Ukinitimua, tafadhali nitimulie ndani. Mshahara wa mtu sitaki uguswe.

Maandalizi nimeshaanza. Binti yangu aliitwa kwa mujibu wa sheria akapangiwa Mafinga, na ile orodha ya vifaa niliisoma kuliko yeye. Nikaenda kwa fundi na kitambaa cha bluu iliyokolea. Bukta, nikamwambia, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, iishie magotini. Fundi akauliza, "Ya mtoto wa darasa la ngapi?" Nikamwambia ni yangu. Akanipima kiuno, akatazama futi, akanitazama usoni, akapima tena. "Mzee, mpira wa saizi hii tunaunganisha miwili."

Alfajiri huwa nakimbia mchakamchaka peke yangu hadi kwenye kituo cha daladala. Siku ya kwanza bodaboda alipunguza mwendo akaniuliza kwa huruma, "Baba, nani anakufukuza? Panda." Nilipanda.

Sasa ombi lenyewe. Tufungulie kambi sisi tuliorukwa. Kila kundi la JKT hupewa jina la operesheni. Letu liitwe Operesheni Samahani. Filimbi ya saa kumi alfajiri isipulizwe, ni kupoteza pumzi: saa hiyo sote tuko macho, wengine kwa ada za shule, wengine kwa sababu anazozijua daktari. Kwenye hanga, vitanda vya juu viachiwe mabegi. Kichurachura tutaruka, Afande, sikatai, ila tugawane kazi: kuchuchumaa tutachuchumaa wenyewe, kuinuka tuinuliwe na serikali.

Jambo zito zaidi ni afande wa zamu. Atakuwa kijana wa miaka 23, na sisi ni rika la baba yake. Tumelelewa sote hapa, tunajua adabu. Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: afike mbele ya kombania, akunje mikono kwa heshima, aseme, "Shikamooni, makuruta." Tuitikie kwa sauti moja, "Marahaba, afande." Atuulize hali za nyumbani, na tumjibu kwa kirefu, maana hatuwezi kusema "salama" tu halafu tukanyamaza. Aliye na mgonjwa apewe pole. Anayefahamiana na baba yake atume salamu. Baada ya hapo, kijana ana ruhusa kamili ya kutubiringisha kwenye tope mpaka tusahau majina. Tukiwa humo humo topeni mmoja wetu akimwita "mwanangu", isihesabiwe utovu wa nidhamu.

Usiniambie haiwezekani. Mwaka 2013 wabunge walivishwa kombati wakapelekwa makambini, na baadhi yao walikuwa wamenizidi umri. Nao hawakuulizwa mstari wa umri uko wapi. Au goti la mbunge ni la mpira?

Nisamehe tena. Mguu sawa.

Mengine ni madogo. Cheti kiandikwe kwa herufi kubwa nikibandike mezani kwangu kazini, kikielekea kwenye ile miwani. Maharage yapunguzwe chumvi. Na yule anayeandika matangazo ya kazi, ya kutaka mtu awe "amehitimu JKT", umri mdogo, uzoefu mrefu, naye aje, alale hanga moja na sisi.

Binti yangu amerudi na ukakamavu ambao sikumfundisha. Kitanda chake unaweza kudundisha sarafu juu yake. Jana jioni nilimwomba anionyeshe kulia geuka. Tukasogeza meza ya sebuleni, akasimama mbele yangu, akasahau mimi ni nani, akafoka: "Kuruta! Kulia ni huko?" Nikageuka upande wa pili mbio. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatutazama, akarudi bila kusema neno. Afande, nina miaka 45, na ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kuruta.

Orodha inataka nije na nauli ya kwenda na ya kurudi. Ya kwenda ninayo.

Ni mimi mtiifu wako,
Kuruta wa mwaka 2000, ambaye bado hajaripoti